Naomba ushauri: mafunzo ya fimbo nyeupe yamesimama, fedha hakuna

Wakuu, naombeni mawazo yenu. Mama yangu amepofuka kwa glakoma. Kituo cha umma kilichokuwa kikimfundisha kutembea kwa fimbo nyeupe na kusoma nukta nundu kimesitisha mafunzo, wanasema fungu la bajeti limekwisha. Alishaanza kushuka ngazi mwenyewe, anagusa kila ukingo kwa ncha ya fimbo kabla ya kukanyaga. Sasa amerudi kungoja mtu wa kumshika mkono. Inaniuma sana.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa 2006, ibara ya 20, unataja mafunzo ya stadi za kutembea kama haya ya fimbo. Je, nianze na wizara au mbunge? Aliyewahi kufuatilia suala kama hili, barua yake aliijengaje?