Vitz imebadilishwa pampu ya maji, sasa inachemka ikipanda mlima

Baba_Lanet:
Wadau habari zenu. Niko Nakuru, niko na Vitz ya 2008, 1300cc. Pampu ya maji ilikuwa imeanza kulia na kuvuja, nikapeleka kwa fundi akaweka mpya na belti mpya, akajaza maji, nikalipa nikaenda. Kabla ya hapo hii gari haijawahi kunichemkia hata siku moja. Wiki hiyo hiyo nikaenda Kisumu kuona mamangu, kupanda Sachangwan taa nyekundu ya joto ikawaka, nikasimama kando karibu nusu saa mpaka ikatulia, nikaendelea pole pole, Mau Summit ikawaka tena. Kushuka Kericho hadi Ahero hakuna shida, hapa tauni pia hakuna shida. Halafu hita inapuliza baridi na asubuhi nikiwasha nasikia maji kama yanatiririka ndani ya dashibodi. Fundi anasema hedi gasketi, ile ya kuziba kati ya hedi na bloku ya injini, imeenda, nilete 30,000 afungue injini. Hiyo pesa sina na pia roho inakataa. Hedi gasketi inaweza kufa siku ile ile mtu anabadilisha pampu?

Spana_Kondele:
Kaka usifungue hedi bado. Hiyo sauti ya maji kwa dashibodi pamoja na hita baridi, hiyo ni hewa imebaki ndani. Hita inapashwa na maji ya injini, sasa kama injini imechemka na hita ni baridi basi maji hayafiki huko, ama yamepungua ama hewa imeziba njia. Ukibadilisha pampu maji yote yanamwagwa na ukijaza haraka haraka hewa haitoki yenyewe.

Fanya hivi, na injini iwe BARIDI kabisa, kifuniko cha rejeta kikifunguliwa na moto kinaweza kukuchoma uso. Paki gari mahali pua iko juu kidogo, fungua kifuniko, weka hita kwa joto la mwisho, washa, acha ingurume huku unaongeza maji yakishuka. Utaona mapovu yanatoka. Finya paipu kubwa ya juu mara kwa mara kabla haijapata moto sana. Endelea mpaka feni iwake yenyewe na hita ipulize moto, ndio ufunge. Yangu ilikunywa zaidi ya lita moja na nilikuwa naamini imejaa.

Mama_Probox:
Naongezea, muulize fundi kama aligusa thamostati, ile valvu inafungulia maji yaende rejeta yakipata moto. Wengi huitoa wanasema gari "itapoa vizuri" na wengine huirudisha vibaya, kale kapini kadogo kanafaa kukaa upande wa juu ndio hewa ipite. Pia angalia soketi ya feni kama imerudishwa, washa AC uone kama inazunguka. Mimi gari ikitoka gereji na shida mpya naanza na kila kitu fundi alishika, hata kama shida inaonekana iko mbali.

Na kifuniko cha rejeta usidharau. Nakuru tuko juu ya mita 1,800, maji wazi huku yanachemka kwa digrii kama 94 hivi na ukipanda Mau ni chini zaidi. Kifuniko ndicho kinashika presha, mpira wake ukiisha maji yanachemka mapema, na huko chini Ahero unaweza usijue.

Spana_Kondele:
Kweli kabisa. Ukishatoa hewa na mapovu yarudi tena na tena, ama maji yanapungua na huoni yanakovuja, ama oili iko kama chai ya maziwa, hapo sasa hedi gasketi inashukiwa. Hata hivyo kuna dawa ya bluu inawekwa juu ya rejeta, moshi wa injini ukiwa ndani ya maji inageuka njano. Mwambie apime hiyo kwanza. Na usipande mlima nayo sai, ukiichemsha mara mingi hedi itapinda kweli na fundi atakuwa amepata sababu.

Baba_Lanet:
Asanteni sana. Jumamosi asubuhi nimefanya vile mlisema, imekunywa karibu lita moja na nusu, mapovu yametoka mpaka nikaogopa. Hita sasa inachoma. Kifuniko mpira ulikuwa umepasuka, nimenunua kingine. Nimeazima kwa jirani skana ya bluetuthi ya kusoma joto la injini kwa simu, nikapanda Sachangwan nikarudi, joto halijapita 93. Jana na leo asubuhi nimeangalia maji, hayajashuka. Nitaangalia tena kila asubuhi wiki nzima kabla niende kwa mamangu, na ile 30,000 nimemwambia fundi tungoje.

Mama_Probox:
Ukifika Mau Summit salama tuambie skana ilisoma ngapi.