Tupeane uzoefu: kujiandikisha polisi ndani ya saa 24 ukiwa China

Wakuu, salaam. Wengi tunaokwenda China kusoma au kufuata mzigo tunahangaikia viza tu, tukigongewa muhuri uwanja wa ndege tunajiona tumemaliza. Bado. Sheria iliyoanza kutumika 1 Julai 2013 inamtaka mgeni asiyelala hotelini aandikishwe kituo cha polisi cha mtaa ndani ya saa 24, aende mwenyewe au mwenyeji wake. Ukilala hotelini, mapokezi ndio wanaokuandikisha. Ukikiuka unapewa onyo, na faini inaweza kufika yuan 2,000.

Naanza mimi. Nilifika Guangzhou Ijumaa usiku kwa viza ya M, ya biashara, nikafikia kwa ndugu aliyepanga huko. Tukasema tutakwenda Jumatatu. Askari akauliza, usiku tatu hizi umelala wapi? Nikaandikishwa maelezo, nikapewa onyo. Ndugu yangu naye akahojiwa, na hilo ndilo lililoniuma, maana kosa lake lilikuwa kunipokea. Nani mwingine yamemkuta?

Mchangiaji wa 2: Pole mkuu. Mimi nilikwenda kwa X1, ya masomo. Ukiingia una siku 30 za kuomba kibali cha kuishi, na ofisini waliidai kwanza karatasi ya polisi inayoonyesha umeandikishwa. Siku ya 20 nikahama bweni nikapange, ikabidi nijiandikishe upya. Mwenye nyumba akakataa kunipa nakala ya kitambulisho chake, na kituoni bila hiyo hawakunisikiliza. Alilegea zikiwa zimebaki siku tano. Sikuwa nalala. Wadogo zangu mnaokwenda mwaka wa kwanza, nawaomba msihame kabla kibali hakijatoka.

Mchangiaji wa 3: Faini hiyo msiichanganye na ya kuzidisha siku za kukaa nchini. Kosa likionekana zito, kuzidisha ni yuan 500 kila siku hadi 10,000, au kuwekwa ndani siku 5 hadi 15. Dada mmoja niliyefanya naye biashara aliona kwenye viza tarehe ya mwisho ya kuingia, akadhani ndiyo ya kutoka. Siku za kukaa zimeandikwa peke yake, na zake zilikuwa 30. Aligundua siku ya 34. Alikwenda polisi mwenyewe kabla hajakamatwa, akaonywa akaachiwa. Nadhani kujipeleka ndiko kulikomwokoa.

Mchangiaji wa 4: Kuna na hili jipya. Tangu 20 Novemba 2025 kadi ya kuingilia nchini unaweza kuijaza mtandaoni kabla ya safari. Mdogo wangu aliijaza akaamini ameshajiandikisha kila mahali, polisi hakwenda. Ni vitu viwili tofauti! Shanghai anayekaa nyumba ya mtu anaweza kujiandikisha kwa simu, ila si kila mji. Ulizeni kituo cha mtaa wenu siku hiyohiyo mnayotua, na ile karatasi ya polisi muiweke pamoja na pasipoti.