Kustaafu Marekani na kurudi nyumbani: nini kipangwe kabla ya kuondoka

Swali

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wengine wote. Naulizia mzee wa miaka 61. Ana kadi ya kijani, si raia. Amefanya kazi Marekani miaka 22, ana 401(k) (akiba ya uzeeni ya kazini) kwa mwajiri wake wa sasa, na nyumbani ana akaunti ya benki na ya SACCO. Akifika 62 anataka kuacha kazi, aanze kupokea Social Security (pensheni ya serikali ya Marekani), arudi Afrika Mashariki moja kwa moja na kufungua duka. Aanzie wapi?

Jibu

Marahaba. Aanzie Social Security, kwa sababu mpango huo una vikwazo vitatu hapo hapo.

Cha kwanza ni umri. Aliyezaliwa 1960 au baadaye hupata mafao kamili akiwa na miaka 67. Akianza kuchukua akiwa na 62 hupunguziwa 30%, na punguzo hilo halifutiki akifika 67. Kama fao lake kamili ni dola 2,000 kwa mwezi, atapata 1,400. Angesubiri hadi 70 angepata 2,480. Tena hesabu hutumia miaka 35 yenye mapato makubwa zaidi. Mwenye miaka 22 huwekewa sifuri 13, kwa hiyo kila mwaka anaoongeza kazini unafuta sifuri moja. Krediti 40, ambazo ni kama miaka 10 ya kazi, zinamfungulia mlango tu, hazimhakikishii kiasi. Na miaka aliyochangia mfuko wa hifadhi kwao haijumlishwi, kwa kuwa Marekani haina mkataba wa kuunganisha michango na nchi yoyote ya Afrika Mashariki.

Cha pili ni uraia. Asiye raia akikaa nje ya Marekani miezi 6 kamili ya kalenda, malipo husimama, isipokuwa awe ndani ya mojawapo ya misamaha, na misamaha mingi hutegemea pasipoti anayoshika. Yakishasimama, hayafunguliwi mpaka arudi Marekani akae mwezi mzima wa kalenda. Kwenye ssa.gov kuna chombo cha kujipima malipo ya nje ya nchi: aingize uraia wake, kisha aombe ofisi ya Social Security jibu la maandishi. Asikate tiketi kwa neno la rafiki. Mke wake kama si raia na anategemea rekodi ya mumewe, kwa kawaida anatakiwa awe ameishi Marekani angalau miaka 5 akiwa mke wake ndipo alipwe akiwa nje.

Cha tatu ni duka lenyewe, na hiki ndicho wengi hawakijui. Anayepokea mafao kabla ya umri kamili, akafanya kazi nje ya Marekani zaidi ya saa 45 kwa mwezi katika kazi isiyokatwa kodi ya Social Security, hunyimwa fao la mwezi huo lote, hata duka likiwa limepata hasara. Umiliki pia unaweza kuhesabiwa kuwa kazi, hata kama anayekaa kaunta ni mwanawe. Kwa raia, au anayehesabiwa bado mkaazi wa kikodi (yaani Marekani bado inamtoza kodi kama anayeishi huko), sheria ni nyingine: faida ya duka hudaiwa kodi ya kujiajiri ya takriban 15.3%, na mafao hupunguzwa kulingana na mapato ya mwaka. Kwa vyovyote vile, duka na Social Security kabla ya miaka 67 havikai pamoja vizuri. Ushauri wangu ni achague kimoja kianze kwanza.

Jibu

Nashukuru kwa maelezo hayo. Mimi niongeze kuhusu 401(k).

Kwa kuwa atakuwa amevuka miaka 59½, hana adhabu ya 10% ya kutoa fedha mapema, anadaiwa kodi ya mapato tu. Akitaka kuhamishia IRA (akaunti ya akiba ya uzeeni anayoifungua mwenyewe), aombe uhamisho wa moja kwa moja kati ya taasisi na taasisi. Akiandikiwa hundi yeye mwenyewe, 20% hukatwa papo hapo, na ana siku 60 tu za kurudisha fedha yote, pamoja na ile 20% ambayo itamlazimu aitoe mfukoni. Afanye uhamisho huu angali na anwani ya Marekani, maana taasisi nyingi huzuia kufungua akaunti au kununua uwekezaji zikiona anwani ya nje.

Kadi ya kijani nayo ina upande wa kodi. Kuifungia kabatini hakumtoi kwenye kodi ya Marekani. Ataendelea kuhesabiwa mkaazi mpaka airudishe rasmi kwa fomu I-407. Akiwa nayo kwa miaka 8 au zaidi kati ya 15 ya mwisho, atatakiwa pia fomu 8854, na humo athibitishe kwamba kodi zake za miaka 5 iliyopita ziko sawa. Asipoweza kuthibitisha, anaweza kutozwa kodi ya kuondoka hata kama si tajiri. Kwa hiyo fomu za kodi za miaka ya nyuma zinyooshwe kwanza, kadi irudishwe baadaye. Baada ya hapo, kwa kuwa hakuna mkataba wa kodi na Kenya, Tanzania wala Uganda, Social Security hukatwa 25.5%, na fedha ya 401(k) kwa kawaida hukatwa 30% mwanzoni. Kama 401(k) ilikatwa kupita kiasi, huomba kurudishiwa kwa fomu 1040-NR, ile ya kodi ya wasio wakaazi.

Swali dogo

Na aliyeacha kazi akiwa na 56?

Jibu

Aliyeacha kazi mwaka anaotimiza 55 au baada yake anaweza kuchukua 401(k) ya mwajiri huyo bila ile adhabu ya 10%. Lakini akishahamishia IRA, nafuu hiyo inapotea hadi 59½. Huyo aache kiasi atakachohitaji humo humo.

Medicare (bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee): haimlipii matibabu akiwa Afrika. Part A (ya hospitali) isiyo na malipo aiache ilivyo. Part B (ya madaktari, inayolipiwa kila mwezi) akiikataa kisha akarudi kuitaka, huongezewa 10% kwa kila miezi 12 aliyokosa, maisha yake yote.

Kuhusu benki na SACCO: akijumlisha kiwango cha juu cha kila akaunti ndani ya mwaka na jumla ikazidi dola 10,000, anatakiwa kuwasilisha FBAR, yaani taarifa ya akaunti zilizo nje ya Marekani. Akaunti ya chama au ya mama yake ambayo yeye ni mtia saini nayo huhesabiwa, hata kama fedha si yake. Haiendi pamoja na fomu za kodi; huwasilishwa FinCEN (kitengo cha Hazina ya Marekani) kwa mtandao, kwa kiwango cha kubadilisha fedha cha Hazina ya Marekani cha 31 Desemba. Mwisho ni 15 Aprili, na muda huongezeka wenyewe hadi 15 Oktoba bila kuomba.