Kyoto: kwa nini ikulu ya zamani haipo katikati ya ramani? (somo la usomaji wa ramani, kidato cha tatu)

MwalimuRamani_Moshi

Wakuu, habari za jioni. Naandaa vipindi vya usomaji wa ramani na mipango miji kwa kidato cha tatu hapa Moshi, na mfano niliouchagua ni Kyoto, mji mkuu wa kale wa Japani. Maelezo ya vitabuni ni mepesi: mwaka 794 ulipimwa mstatili, barabara kuu ikapita katikati kutoka kaskazini hadi kusini, ikulu ikawekwa kwenye kichwa cha barabara hiyo. Nikifungua ramani ya leo, mambo hayakubaliani na maelezo hayo. Ikulu ya zamani iko upande wa mashariki. Kata ya Sakyo, ambayo jina lake ni "mji wa kushoto", iko kulia kwa karatasi. Na majengo ya kale yamejazana mashariki, wakati magharibi ni machache zaidi.

Nataka wanafunzi wachore mji wa mwanzo kwenye manila kwa skeli sahihi, kisha waeleze kilichobadilika. Mwenye vipimo na sababu naomba anisaidie. Na je, nikiandika ubaoni kwamba ulikuwa mji mkuu toka 794 hadi 1869 bila kukatika, nitakuwa sahihi?

Bikoni_Njiro

Mwalimu, nianze na vipimo kwa sababu hapo ndipo wachoraji wengi wanapoharibu.

Mji uliitwa Heian-kyo. Upana wake mashariki hadi magharibi ulikuwa kama kilomita 4.5, na urefu kaskazini hadi kusini kama 5.2. Kwa skeli ya 1:10,000 unapata sentimita 45 kwa 52, na manila moja inatosha. Barabara kuu ya katikati, Suzaku, ilikuwa na upana wa mita 84, kwa hiyo ichorwe milimita 8 na kidogo. Barabara kubwa za kawaida zilikuwa na mita 24 na mitaa midogo mita 12. Eneo la ikulu pamoja na ofisi za serikali, kaskazini katikati, lilikuwa karibu kilomita 1.15 kwa 1.4, yaani sentimita 11.5 kwa 14 kwenye karatasi.

Kosa linatokea kwenye vitalu. Kitalu kimoja kilikuwa mraba wa karibu mita 120. Mwanafunzi atahesabu vitalu 32 toka mashariki hadi magharibi, azidishe kwa sentimita 1.2, apate 38.4, halafu ashangae sentimita 6 na zaidi zimeenda wapi. Hizo ni barabara. Wapimaji wa Heian-kyo walikipa kila kitalu ukubwa wake kamili kwanza, kisha upana wa barabara ukaongezwa kando. Mji uliotangulia, Heijo-kyo (Nara ya leo, ulioanza 710), ulipimwa kinyume: mistari ilipigwa katikati ya barabara kwa umbali ulio sawa, na barabara ikala ndani ya vitalu. Matokeo yake, aliyepewa ardhi kando ya barabara pana alipata eneo dogo kuliko mwenzake wa mtaa wa ndani. Kwangu hilo ndilo badiliko kubwa kuliko yote katika upimaji wa miji yao, na linafaa lipewe muda darasani. Waambie wachore vitalu na barabara kwa pamoja, safu kwa safu, wakianzia Suzaku kwenda nje pande zote mbili: vitalu 16 kila upande. Kaskazini hadi kusini kuna safu 38.

Kila kitalu kiligawanywa viwanja 32, safu 4 kwa 8, kila kiwanja karibu mita 30 kwa 15. Mtu wa kawaida alipata kiwanja kimoja au sehemu yake, na mkubwa wa daraja la tatu kwenda juu aliweza kupewa kitalu kizima.

Kuhusu kushoto na kulia, mji ulipangwa kwa macho ya mfalme aliyekaa ikulu akitazama kusini. Mkono wake wa kushoto ni mashariki, hivyo Sakyo ni mashariki na Ukyo ni magharibi. Mwambie mwanafunzi asimame kwenye ukuta wa kaskazini wa darasa atazame kusini, ataelewa mara moja.

Chini kabisa kwenye lango la kusini, Rajomon, weka mahekalu mawili: To-ji mashariki mwa Suzaku na Sai-ji magharibi. Masoko nayo yalikuwa mawili, la mashariki na la magharibi. Usimruhusu mtu achore ukuta kuzunguka mji mzima kwa kuiga Chang'an ya China. Mpango waliuchukua huko, lakini ukuta wa kweli ulikuwa upande wa kusini tu, karibu na lango.

MtoRau

Bikoni umemaliza vipimo. Mimi nataka kontua (mistari ya kimo cha ardhi), maana bila kontua ramani hiyo haitaeleza kwa nini magharibi palikufa.

Bonde la Kyoto limezungukwa na milima pande tatu: Kitayama kaskazini, Higashiyama mashariki, Nishiyama magharibi. Upande wa kusini uko wazi. Mto Kamo unaingia toka kaskazini na kupita upande wa mashariki, umetandaza changarawe na mchanga, kwa hiyo ardhi ya kaskazini mashariki ni ya juu na inakauka vizuri. Mteremko unaelekea kusini magharibi, ambako mto Katsura unapita. Toka vitongoji vya kaskazini hadi eneo la To-ji ardhi inashuka kwa karibu mita 50, yaani karibu sawa na kimo cha mnara wa To-ji wenyewe, ambao una mita 55. Maji yote ya juu yanaelekea kona hiyo. Wanafunzi wako wanaijua hali hii bila kitabu: nyumba zinajengwa kuelekea mlimani, na chini tambarare ya Chekereni ndiko mpunga unakostawi kwa sababu maji yanatuama.

Mpimaji wa 794 aliweka mstatili wake juu ya mteremko kana kwamba ardhi ni meza. Nusu ya magharibi, hasa robo ya kusini magharibi, ikaangukia kwenye majimaji ya Katsura. Viwanja vilipimwa, lakini sehemu kubwa haikujengwa kamwe au ilirudi kuwa shamba. Mwaka 982 afisa mmoja msomi, Yoshishige no Yasutane, aliandika kuwa upande wa magharibi nyumba zinapungua, wanaoondoka hawarudi, na mji wa mashariki umesongamana. Hiyo ni chini ya miaka 200 tangu mji uanze.

Maji ndiyo yaliyowaleta hapo pia. Mfalme Kanmu alitoka Nara mwaka 784 akahamia Nagaoka, kusini magharibi tu mwa Kyoto. Mwaka uliofuata msimamizi wa ujenzi, Fujiwara no Tanetsugu, aliuawa. Mdogo wake mfalme, Sawara, alishtakiwa kuhusika na akafa njiani akipelekwa uhamishoni. Yakafuata magonjwa, vifo katika familia ya kifalme na, mwaka 792, mafuriko. Watu waliamini ni roho ya Sawara. Miaka 10 tu baada ya kuhamia Nagaoka, wakahama tena.

Na hata upande wa mashariki haukuwa salama. Inasimuliwa kuwa Mfalme mstaafu Shirakawa alitaja vitu vitatu visivyomtii: maji ya Kamo, dadu za kamari, na watawa wa Kibuddha wa mlima Hiei, kaskazini mashariki mwa mji. Huyo ndiye aliyekuwa mtu mwenye nguvu kuliko wote nchini wakati wake.

Mtaa_wa_Sokoine

Nakubaliana na MtoRau kuhusu maji, ila yasibebeshwe mzigo wote. Ikulu haikuhama kwa sababu ya mafuriko. Ilikuwa kaskazini katikati, mahali pakavu. Iliondolewa na moto na siasa.

Makazi ya mfalme yaliungua mara ya kwanza mwaka 960, kisha tena na tena. Kila yalipoungua mfalme alihamia kwa muda kwenye jumba la mkubwa fulani, mara nyingi la ukoo wa Fujiwara, na majumba hayo yalikuwa mashariki. Muda ukawa mrefu, hadi kukaa huko kukawa kawaida. Jumba kuu la sherehe liliungua 1177 na halikujengwa tena. Moto wa 1227 ukamaliza yaliyobaki. Ikulu unayoiona kwenye ramani ya leo ilianza kama mojawapo ya majumba hayo, ikawa makao ya kudumu toka 1331, na majengo yaliyopo ni ya 1855. Iko karibu kilomita 2 mashariki mwa mahali pa mwanzo.

Kwa hiyo kwenye ramani ya leo usitafute mhimili wa mji kwenye ikulu. Utafute mtaa wa Senbon, unaofuata takribani njia ya Suzaku. Makutano yake na Marutamachi ndiyo eneo la lile jumba la sherehe lililoungua 1177. Kaskazini yake kuna kilima cha Funaoka, mita 112, kwenye mstari uleule. Wataalamu wengi wanaona ndicho kilichotumiwa kuwekea mhimili. Kusini, Rajomon liliangushwa na dhoruba 816, likajengwa, likaanguka tena 980 na kuachwa. To-ji ipo hadi leo. Sai-ji, pacha wake wa upande wenye maji, haipo.

Kuhusu swali lako la mwisho, "bila kukatika" ufute. Mwaka 1180 Taira no Kiyomori, mkuu wa kijeshi, alihamisha makao ya mfalme kwenda Fukuhara, katika Kobe ya leo, kwa karibu miezi sita, kisha wakarudi. Na tofautisha mji wa mfalme na mji wa madaraka: serikali ya kijeshi ilikaa Kamakura toka mwishoni mwa karne ya 12, na Edo (Tokyo ya leo) toka 1603. Mfalme alibaki Kyoto hadi 1869.

Ongeza pia kwamba mitaa ya leo si ya 794 yote. Vita vya Onin, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1467 hadi 1477, viliteketeza sehemu kubwa ya mji. Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa kijeshi, akaupanga upya: alikata vitalu vingi vya mraba katikati kwa mitaa mipya, vikawa mistatili mirefu, na mwaka 1591 akauzungushia boma la udongo la karibu kilomita 22.5, lililosaidia pia kuzuia maji ya Kamo. Moto wa 1788 nao ulikula sehemu kubwa ya mji.

MwalimuRamani_Moshi

Nashukuruni sana. Nitatumia karatasi mbili: manila ya 794 na karatasi angavu ya ramani ya leo juu yake. Swali moja la nyongeza: baada ya mfalme kuondoka 1869, mji uliponaje?

MtoRau

Mwalimu, kwa maji tena. Ziwa Biwa liko nyuma ya milima ya mashariki, juu ya Kyoto kwa karibu mita 40. Mwaka 1885 walianza kuchimba mfereji chini ya mhandisi kijana, Tanabe Sakuro, ukakamilika 1890. Handaki lake refu lina mita 2,436. Mwaka 1891 maji hayo yakaanza kuzalisha umeme pale Keage, na mwaka 1895 Kyoto ikapata tramu ya umeme ya kwanza Japani.

Kwenye karatasi yako angavu, panga kwanza makutano ya Senbon na Marutamachi juu ya jumba la sherehe, kisha To-ji juu ya To-ji. Alama hizo mbili zikikaa, karatasi haitapinda. Halafu wape zoezi la anwani: Kyoto mahali hutajwa kwa makutano ya mitaa miwili, likifuatiwa na neno "agaru" kwa kwenda kaskazini au "sagaru" kwa kwenda kusini, yaani panda na shuka. Kwa mashariki husemwa "higashi-iru", magharibi "nishi-iru". Wape anwani nne, kila moja ya upande wake, wazitie alama kwenye ramani, na waandike kando ya kila moja kama mahali hapo palikuwa Sakyo au Ukyo mwaka 794.