Bastola ya upepo: gesi, springi au ya kupampu?
kijana_wa_Nyali: Wazee salama? nataka bastola ya upepo ya kulenga karatasi tu, mita 10, nimekwama kati ya Walther CP88 ya gesi na zile za kampuni ya Weihrauch, ipi itanifaa hapa Mombasa na hili joto letu?

fundi_Majengo: CP88 ni raha, vile vichupa vya gesi vya gramu 12 waweka wapiga mfululizo, lakini presha ya hiyo gesi (CO2) yafuata joto, mchana ikipanda na risasi nayo yapanda kwenye karatasi, na usiache vichupa ndani ya gari juani tafadhali! Kwa shabaha nakwambia chukua HW40 ya Weihrauch, wapampu mara moja kwa kila risasi, haitaki gesi, hairuki mkononi. HW45 yao ya springi inaruka sana, yataka mkono uliozoea.

mama_shabaha: Naunga mkono HW40. Chukua ya tundu la 4.5mm, na peleti (virisasi vyake) zilizo bapa mbele, zakata tundu safi kwenye karatasi. Kisha chumvi ya bahari wanangu! ukimaliza futa chuma na kitambaa cha mafuta kila mara.

fundi_Majengo: Na kabla hujatoa pesa ulizia bodi ya leseni za silaha, usiagize kienyeji.

kijana_wa_Nyali: Shukran sana, basi ni HW40, kesho naanza na leseni.