Mtoto alivuja damu baada ya kukatwa mafindofindo: je, ni uzembe?

Mama wa Kisauni:
Assalaam aleikum. Mwanangu alikatwa mafindofindo katika hospitali moja ya binafsi hapa Mombasa, na siku chache baadaye akawa anameza mate mfululizo. Nilipomrudisha niliambiwa ni kawaida. Usiku alitapika damu, ikabidi afanyiwe upasuaji wa pili. Je, nina madai?

Mwanasheria, Ganjoni:
Waaleikum salaam, dada, na pole. Kuvuja damu pekee hakuthibitishi uzembe, kwa kuwa ni hatari inayojulikana ya upasuaji huo. Swali zito ni namna mlivyopokelewa mliporudi: ni nani aliyemkagua koo, na aliandika nini? Omba nakala ya faili kwa maandishi, ukitaja ibara ya 35 ya Katiba, inayohusu haki ya kupata habari, kabla ya kugombana na yeyote. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3, na dhidi ya Serikali ni miezi 12 tu, muda ambao kwa maoni yangu ni mfupi mno kwa mzazi anayeuguza.

Muuguzi, Likoni:
Kumeza mfululizo ni dalili ya kutiliwa shaka, kwani huenda mtoto anaimeza damu inayotiririka nyuma ya koo, hata kama mdomoni haionekani. Damu ya kuchelewa hutokea zaidi kati ya siku ya 5 na ya 10.

Mama wa Kisauni:
Ilikuwa siku ya 6. Baraza la Madaktari je?

Mwanasheria, Ganjoni:
Linaweza kumchunguza daktari na kumwadhibu. Fidia kwa kawaida hudaiwa mahakamani, mtoto akishtaki kupitia kwako.