Nimeagiza mchele wa Kyela mtandaoni nikaletewa chenga, na pesa yangu wameing'ang'ania

Wakuu, nina hasira na sipunguzi neno.

Alhamisi nilikuwa na hitima ya marehemu mama, Tabata. Sikupata nafasi ya kwenda Kariakoo, nikaingia kwenye programu ya duka moja la vyakula hapa Dar. Mchele wa Kyela kilo 20, mdalasini, iliki, asali ya Tabora. Nikalipa papo hapo kwa simu. Saa tano bodaboda anashusha mzigo: mchele chenga tupu, hata harufu hauna. Asali hakuna, kuna chupa ya shira. Risiti imeandikwa "bidhaa mbadala". Hakuna aliyenipigia kuniuliza! Muda ulishaisha, tukaupika hivyohivyo, pilau ikawa bokoboko. Wageni wa mama yangu wakala kwa adabu, wakanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Msiniambie "ni mtandao". Nimekaa kaunta ya minimaketi miaka minne, nayajua haya. Programu ya simu na mashine ya kaunta havisomani. Mtu anaingiza idadi asubuhi kwa mkono, mchana mteja wa dukani anabeba mfuko wa mwisho, lakini kwenye simu bado unaonekana upo. Bidhaa za kiwandani angalau zina bakodi (zilizosajiliwa Tanzania huanza na 620), ukiipitisha kwenye mashine hesabu inapungua yenyewe. Mchele wa kupima hauna. Ukishaandikwa "mchele" tu, kijana anayefungasha anachota gunia lililo karibu naye, Kyela, supa, chenga, kwake ni mamoja.

Sasa kinashindikana nini kutuma ujumbe mmoja: "Kyela umeisha, tulete supa au turudishe pesa?"

Nimedai pesa yangu. Wanasema wameniwekea "salio" ndani ya programu, yaani ninunue kwao tena! Ilitoka kwenye simu yangu kwa sekunde chache, kurudi njia ileile eti haiwezekani.

Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Picha za mchele ninazo, risiti ninayo, Jumatatu asubuhi naenda Tume ya Ushindani. Kama kuna aliyewahi kurudishiwa hela yake na hawa wauza vyakula wa mtandaoni, aseme hapa alipitia wapi na ilichukua siku ngapi.